Biblia ya Union yenye maandishi makubwa na itifaki: tathmini baada ya mwaka wa ukavu

Niliinunua Biblia hii kwa sababu ya macho. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa miongoni mwa wazee wa kanisa wanaopangiwa kusoma masomo ya Jumapili katika usharika wetu, na ile Biblia ndogo niliyopewa siku ya kipaimara ilikuwa imeanza kunishinda. Namba za aya zilimezwa na maneno, mistari ilipandiana, na Jumapili moja niliruka aya nzima ya Waraka kwa Warumi bila kujua, mpaka mama mmoja wa kwaya ya wanawake aliponiuliza mlangoni kama Paulo amepunguzwa. Wiki iliyofuata niliingia katika duka la vitabu vya dini mjini Moshi nikaomba Biblia ya Kiswahili yenye maandishi makubwa, na muuzaji akaniletea toleo la Union lenye jalada laini jeusi linalofungwa kwa zipu, itifaki nyuma, yaani orodha ya maneno ya Biblia na aya yanamopatikana, na ramani za rangi baada ya itifaki. Nililipa Sh 48,000, nikaondoka nikiwa nimeridhika kama mtu aliyepata miwani inayomfaa.

Jambo ambalo sikumwambia muuzaji, wala mke wangu, wala mchungaji wetu, ni kwamba kwa muda wa miezi saba au minane nilikuwa nikisoma masomo yale kama mtu anayesoma barua za jirani. Hakukuwa na msiba wala aibu iliyonipata. Watoto walikuwa wazima, kazi ilikuwapo, ada zilikuwa zimelipwa. Imani ilikuwa imekauka tu, polepole, jinsi kisima kinavyokauka mvua za vuli zinapokosekana, na mwenye kisima huwa wa mwisho kukubali kwamba ndoo inarudi na matope. Ulipofika wakati wa kuungama imani, nilitamka neno "Namwamini" kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa mzee wa kanisa akinyamaza hapo huonekana.

Naeleza hayo ili msomaji ajue ninaipima bidhaa hii kwa mizani gani. Wengi wameshaeleza jinsi toleo hili linavyomfaa mhubiri au mwanafunzi wa chuo cha Biblia, na nadhani wamesema kweli. Mimi nimelitumia mwaka mzima, karibu kila siku, na mara nyingi saa kumi usiku, nikiwa mtu asiyejua tena kama anachokisoma kinamhusu. Na ni kwa mtu wa namna hiyo ninaandika.

Kwanza kitabu chenyewe. Ni kizito kiasi kwamba ukikisomea kitandani mkono huchoka kabla ya sura ya pili, kwa hiyo kinadai meza, na kudai meza kuna faida yake kwa mtu ambaye angependa kusinzia. Herufi ni nyeusi vizuri na zimeachiana nafasi ya kutosha. Nasoma bila miwani penye taa ya kawaida. Zaburi na vitabu vingine vya mashairi vimepangwa kwa mistari, kila mstari ukianza kwa herufi kubwa, ili jicho lione mahali pa kuvuta pumzi. Neno BWANA limepigwa kwa herufi kubwa tupu karibu kila mahali ambapo Kiebrania kina lile jina takatifu la Mungu, na jambo hilo dogo la uchapaji lilikuja kuwa na maana kwangu, kwa sababu katika zaburi za malalamiko jina hilo linasimama katikati ya ukurasa kama mtu aliyeitwa barazani kujibu shauri. Karatasi ni nyembamba. Maandishi ya upande wa pili huonekana kidogo, na kalamu ya wino hupenya, hivyo atakayetaka kupigia mistari atumie penseli. Zipu ilikwama mwezi wa tatu, fundi viatu akaipaka nta ya mshumaa, nayo imetembea tangu hapo. Ramani za safari za Paulo ni nzuri, ingawa sijui ni nani aliyewahi kuzitazama siku ambayo mahubiri yalikuwa mafupi.

Anayetaka kuelewa kwa nini Kiswahili cha tafsiri hii kinasikika jinsi kinavyosikika hana budi kujua kilikotoka. Kabla yake palikuwa na Biblia ya Kiunguja, iliyokamilika mwaka 1891 kutokana na kazi iliyoanzishwa Zanzibar na Askofu Edward Steere na wenzake, na Biblia ya Kimvita iliyotoka mwaka 1914 kwa wasomaji wa Mombasa na upande wake. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, akatoa ya tatu mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Toleo la Union, kama jina lake linavyoonyesha, lilikusudiwa kuwaketisha wasomaji hao wote meza moja: Agano Jipya likatoka mwaka 1950, na Biblia nzima mwaka 1952. Kiswahili chake, basi, ni cha watu wa pwani waliozoea tenzi, kikapitia mikono ya wamisionari, kikahamia bara kwetu na kuwa lugha ya ibada. Ndiyo maana kina maneno ambayo mtoto wa Moshi huyasikia kanisani tu na hayasikii popote pengine.

Nyuma ya hao wote yuko Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huohuo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi wa Saba mwaka huo alikufa mke wake Rosina, na siku chache baadaye binti yao mchanga. Sura tatu za kwanza za Mwanzo alizozitafsiri zilichapishwa mwaka 1847. Sijui ni maombi gani aliyoyaomba katika miezi ile, wala sitaki kumtungia. Ninachojua ni kwamba kazi ya kuyaweka Maandiko katika Kiswahili ilifanyika tangu mwanzo katika nyumba iliyofiwa, na tangu nilipolijua hilo sikuona tena ajabu kwamba tafsiri zilizofuata hazikuona haya kulia.

Kulia huko sikukuta mara moja. Nilianza mahali pabaya, kwa Waebrania 11:1, aya niliyokaririshwa utotoni: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Hakika sikuwa nayo, na neno "bayana" lilinikalia shingoni kama wito wa mahakama. Nilikifunga kitabu kwa wiki mbili. Nilikifungua tena kwa sababu nilipangiwa somo la Zaburi ya 13, na mazoea yangu ni kulisoma somo nyumbani kwa sauti mara tatu kabla ya Jumapili.

"Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Msomaji wa leo huweza kujikwaa kwenye neno "hata", kwa kuwa amezoea kulitumia kwa maana nyingine, hapa maana yake ni "mpaka", kwa Kiswahili cha zamani. Biblia Habari Njema, tafsiri nyepesi iliyokamilika katika miaka ya 1990, imechagua "mpaka lini", na kwa kijana wa kipaimara huo ni uchaguzi mwema. Lakini maneno haya mawili yanarudi mara nne katika aya mbili za kwanza, na nilipoyatamka kwa sauti nikiwa peke yangu sebuleni, niligundua kwamba "hata lini" husukumwa kutoka kifuani kwa namna ambayo "mpaka lini" haisukumwi. Mara ya tatu sauti ilinigeuka. Sikuwa nimeomba kwa miezi mingi sala isiyokuwa ya kusomewa watu, na sala ya kwanza iliyonitoka ilikuwa lawama ya mtu mwingine, tena ya kale.

Baada ya hapo ndipo nilipoyaona maneno yaliyo juu ya zaburi hiyo: "Kwa mwimbishaji." Miaka yote nilikuwa nikiyapita kama mtu anavyopita anwani juu ya bahasha. Sasa yakanisimamisha. Lawama ile haikuwa siri iliyoandikwa gizani na mtu mmoja mwenye haya. Ilikabidhiwa mwalimu wa kwaya, aifundishe sauti, iimbwe na watu waliokusanyika. Nimejaribu kukumbuka wimbo hata mmoja wa kwaya zetu tatu unaoishia kwenye malalamiko, sijaupata. Nyimbo zetu zikianza na machozi, ubeti wa tatu lazima uwe umefika mbinguni. Zaburi ya 13 yenyewe hugeuka mwishoni na kuimba, hilo ni kweli. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni "gizani", na hakuna mkono wa mhariri ulioongeza hapo aya ya kufariji. Nayo pia ina anwani ileile: kwa mwimbishaji.

Kwa mtu mwenye mashaka, hii ndiyo sifa kubwa ya tafsiri hii, na ningependa kuieleza kwa uangalifu kwa kuwa si watu wote watakaoiita sifa. Haipunguzi makali. Katika Yeremia 20:7 nabii anasema, "Ee BWANA, umenihadaa, nami nimehadaika." Kuhadaa ni neno la sokoni na la mapenzi yaliyovunjika, ndilo lililomo katika msemo wetu kwamba dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Mtafsiri angeweza kutafuta neno la heshima zaidi la kumwambia Mungu. Hakulitafuta. Nilipoisoma aya hiyo niliangalia mlango kwanza, kama mtoto aliyesikia tusi kutoka kwa mtu mzima, kisha nikairudia. Yeremia hakufukuzwa katika kitabu kwa ajili ya neno hilo. Ameachwa humo pamoja nalo, na kila anayenunua Biblia hununua lawama hiyo pamoja na baraka zote.

Kufikia mwezi wa tano nilikuwa na maswali mengi kuliko ninayoweza kuyabeba, nikaenda kumsalimu mchungaji mmoja mstaafu anayeishi juu kidogo ya kwetu. Nilimwamkia, akaitikia, tukazungumza habari za kahawa na za barabara, kisha nikamweleza yote, na Biblia mapajani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja.

"Mwanangu, ni katika msiba gani umewahi kusikia ikisomwa sura ya tatu ya Ayubu?"

Nikamwambia sijawahi.

"Hata mimi sikuwahi kuisoma," akasema, "na nimezika watu miaka thelathini na minne."

Hakuongeza neno. Akaita chai.

Kila aliyekaa kwenye turubai la msiba katika nchi hii anayajua maneno ya Ayubu 1:21: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Tunayasoma kaburini, tunayaandika kwenye shada na kwenye matangazo ya shukrani. Ni maneno ya kweli, na Ayubu aliyasema. Ila kitabu chake kina sura 42, nasi tumemnyamazisha katika ya kwanza. Katika sura ya tatu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, "Na ipotelee mbali ile siku niliyozaliwa mimi", na kutoka hapo mpaka sura ya 31 anabishana, anadai hukumu, anawaambia rafiki zake kwamba faraja yao inamchosha. Rafiki hao walikuwa wamefanya jambo jema mwanzoni: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu. Mungu hunena kuanzia sura ya 38, na hatoi jibu la swali lililoulizwa. Halafu katika 42:7 anamwambia Elifazi, mmoja wa rafiki hao, kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Nilisoma hapo nikaweka kitabu chini. Waliomtetea Mungu ndio waliokemewa, na aliyemshitaki ndiye aliyeagizwa kuwaombea.

Sikupata raha kutokana na ugunduzi huo. Nilichopata ni aibu, kwa sababu nilijitambua. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa Elifazi wa usharika. Nimewaambia wazazi waliozika mtoto kwamba Mungu anachuma maua mazuri kwanza, maneno ambayo hayapo mahali popote katika Biblia yangu, ndogo wala kubwa. Mwezi wa saba tulikwenda kwenye nyumba ya kijana aliyefariki kwa ajali ya pikipiki, na kwa mara ya kwanza nilikaa karibu na baba yake saa nzima bila kusema lolote la Mungu. Alipoanza kusema mwenyewe, alisema mambo makali, na sikumsahihisha. Kama kuna jambo katika mwaka huu linalostahili kuitwa kukua kiroho, nadhani ni hilo, na lilikuja wakati ambapo mimi mwenyewe nilikuwa bado sijui ninaamini nini.

Nirudi kwenye bidhaa, maana kuna sehemu yake ambayo imenisaidia kidogo kuliko nilivyotarajia, nayo ni itifaki. Itifaki hupanga maneno kwa alfabeti na kukuonyesha aya yanamopatikana. Kwa anayetayarisha somo la Jumapili ni hazina. Lakini hukamata neno, haikamati hali. Mtu aliyekauka hajui atafute neno gani. Mimi nilianza na "shaka", na ile aya ya Yakobo 1:6 ikanipokea kwa kunifananisha na wimbi la bahari linalosukumwa na upepo, kisha Mathayo 14:31 ikaniuliza, "Ewe mwenye imani haba, mbona uliona shaka?" Ni aya za haki, na sina ugomvi nazo, ila mtu anayezama hatafuti kuelezwa tabia za mawimbi. Ilinichukua muda kufika Mathayo 28:17, wanafunzi wakiwa mlimani mbele ya Yesu aliyefufuka: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Kumwona, kusujudu na kuona shaka vimekaa katika aya moja, tena Yesu hawatengi wenye shaka pembeni kabla ya kuwatuma, anawatuma wote. Na Waraka wa Yuda, ambao watu wengi huupita kwa kasi kwenda Ufunuo, unaagiza kwamba walio na shaka wahurumiwe. Itifaki haina njia ya kukuambia kwamba aya hizo mbili zisomwe kabla ya ile ya Yakobo. Zaburi za "hata lini" nazo hazipatikani kwa kutafuta neno la hali yoyote. Hupatikana kwa kusoma moja baada ya nyingine, kama mtu anayetembea shambani akitafuta jembe alilolisahau.

Ugumu wa msamiati ni kasoro ya kweli, na sitaki mapenzi yangu yaufiche. Zaburi ya 42 inasema, "Kama ayala aioneavyo shauku Mito ya maji, Vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu." Niliwauliza vijana wa darasa la kipaimara ayala ni nani, mmoja alisema ni malaika. Ni mnyama anayefanana na paa, mwenye kiu. Kwa mtu ambaye tayari anahisi Maandiko yamemfungia mlango, neno la namna hiyo huweza kuwa komeo la pili. Ushauri wangu ni kuwa na Habari Njema pembeni na kusoma zote mbili, ile nyepesi kwa kuelewa na hii nzito kwa kuomba. Lakini katika zaburi hiyohiyo, aya ya tano, mwimbaji anageuka na kuisemesha nafsi yake, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, Na kufadhaika ndani yangu?", na hapo hakuna kamusi inayohitajika. Sikuwahi kufundishwa kwamba mtu anaweza kuinamia nafsi yake na kuihoji kama mama anavyomhoji mtoto aliyekataa kula.

Msomaji Mkatoliki ajue kwamba toleo hili ni la vitabu 66, na kwa hiyo hatakuta kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho sura yake ya pili inamwonya waziwazi anayetaka kumtumikia Bwana ajiandae kwa majaribu. Mimi niliazima Biblia ya jirani Mkatoliki nikaisoma sura hiyo, na naona kwamba sisi tusiokuwa nayo tumekosa mwalimu mzuri wa jambo hili.

Kuna watakaouliza kwa nini nibebe kilo hizi zote wakati Biblia ya Union ipo kwenye simu bure. Ipo, nami ninayo, na kwa kulinganisha tafsiri hakuna kinachoishinda. Lakini saa kumi usiku simu huleta Ayubu pamoja na ujumbe wa kikundi cha harusi, na mtu anayeshindana na Mungu hahitaji kukumbushwa mchango.

Neno "kushindana" nimelitoa katika Mwanzo 32, ambapo Yakobo anabaki peke yake usiku na mtu asiyemjua anashindana naye mweleka. Tafsiri imetumia neno la mchezo wa viwanjani, la vumbi na jasho, na nimelipenda. Kunapokaribia kupambazuka yule mtu anataka kwenda, na Yakobo anamjibu, "Sikuachi, usiponibariki." Anabarikiwa, anapewa jina jipya, na anaondoka akichechemea. Wahubiri wetu hupenda sana jina jipya. Kuhusu paja lililoteguka husema haraka. Mimi nimeondoka katika mwaka huu nikichechemea: sala zangu ni fupi, sina tena ule wepesi wa kutoa ushuhuda, na kuna maswali ambayo zamani nilikuwa na majibu yake na sasa sina. Mke wangu, nilipomweleza hatimaye, alisema alikuwa ameona tangu siku nilipoanza kuomba bila kufoka.

Na kuhusu ungamo la imani, bado nalitamka kila Jumapili, kwa sauti ya kawaida. Huwa natanguliza moyoni maneno ya yule baba wa Marko 9:24, aliyeleta mtoto wake mgonjwa. Katika toleo hili yamechapwa hivi: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nimeyatazama mara nyingi jinsi yalivyokaa kwenye ukurasa. Kati ya imani ya mtu huyo na kutokuamini kwake pana mkato mmoja tu, hakuna nukta, hakuna "lakini". Anavikiri vyote viwili kwa pumzi moja, na Yesu hamwambii arudi siku atakapokuwa amechagua kimoja, anamponya mtoto.

Kwa nani, basi, ningelipendekeza toleo hili? Kwa msomaji wa masomo mwenye macho yaliyochoka, bila kusita. Kwa aliye katika ukavu, ndiyo, ila asilianze kwa itifaki wala kwa aya alizokaririshwa. Aanze na Zaburi ya 13, asome kwa sauti, mahali ambapo hasikiki. Kwa mwanafunzi wa kipaimara ni zito na ghali, na Habari Njema itamfaa zaidi kwa miaka michache. Anayetaka kumpa zawadi mfiwa asubiri, aende kwanza akae naye.

Kasoro moja ya mwisho inawahusu wachapaji. Utepe wa kuweka alama ni mmoja tu, mwekundu, na kwa bei hii wangeweza kushona miwili. Jumapili nauhitaji kwenye somo nililopangiwa, na siku nyingine zote huwa uko Ayubu. Nimechoka kupoteza ukurasa kila wiki, kwa hiyo sasa pale Ayubu nimeweka risiti ya duka.